Sauti ya Kuuinua Mtaa wa Chini

Nilifika Kasyelo nikiwa nimeshauliza basi la kuondokea. Ndivyo ninavyoingia kila mji, kwanza nijue pa kutokea, halafu nitue begi. Ila Kasyelo hata begi lenyewe halikutulia. Nililiweka chini pale getini nikaliona linasogea taratibu peke yake, kwa sababu ardhi yote ilikuwa inatetemeka. Juu ya kilima kulikuwa na mtambo unaofyonza hewa nzito kutoka tumboni mwa mlima na kuijaza kwenye mitungi ya kuuza, na mvumo wake ulikuwa wa kukufanya utake kukimbia bila kujua unakimbia nini.

Mlinzi akanipa vipuli viwili, akaonyesha kwa kidole nivichomeke masikioni. Nikavichomeka. Mvumo ukakatika kama uzi, na yule mlinzi akaniamkia kwa sauti safi, ya mtangazaji wa redio. Nikachomoa kimoja nimsikie alivyo kweli. Alikuwa na mafua na sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Nikakirudisha haraka.

Watu wa Kasyelo hawavui vipuli ila wakioga. Asiyevaa, mtambo humla masikio kabla hajaota mvi. Kipuli huzuia kelele, hupitisha sauti ya binadamu, na hata hiyo huisugua kwanza ndipo ikufikie. Kila sauti kinaipa alama. Inayokwaruza kupita kiasi kinaihesabu kuwa kelele, kinaishusha mpaka inakuwa kama mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta. Honi kwake ni kelele. King'ora ni kelele. Wazee wa mji waliwaandikia waliovitengeneza, huko mbali waliko, wakajibiwa na mashine iliyowashukuru kwa maoni yao.

Yote hayo yasingekuwa neno kama si mazuku. Ndivyo wanavyoiita ile hewa nzito inapotoroka mtamboni au kwenye nyufa za ardhi. Neno lililetwa na wahamiaji waliotoka upande wa Goma. Haina rangi, haina harufu. Hutambaa mabondeni kama maji, na aliye bondeni husinzia tu. Mtaa wa Chini uko bondeni. Taa za tahadhari hazisaidii, maana ukungu wa kule hukuficha hata mkono wako. Imebaki sauti ya mtu kuwaita wapande ngazi ndefu mpaka Kilimani, na mwitaji wa mji ni Bi Tumpale.

Wiki ile kabla sijafika mazuku yalikuja asubuhi. Bi Tumpale aliita. Vipuli vya Mtaa wa Chini vikamhesabu kuwa kelele. Mtu na mkewe walikutwa mezani, chai imemiminwa, mkate umekatwa.

Ndiyo sababu nikaitwa mimi. Kazi yangu ni kusawazisha sauti za watu zilizorekodiwa. Sikusomea chuo, fizikia niliisikilizia dirishani nikiwa napaka rangi darasa la wenzangu, mengine nimeyaokota kwenye studio za miji thelathini ambayo majina yake yameanza kunichanganya.

*

Mwenyekiti Mwakalukwa alinipokea kwa uji na maneno mengi. Alikuwa mtu mwema, mnene, asiyekaa kimya akatulia. Alisema anataka sauti tamu. Alirudia hilo neno mpaka uji ukapoa. Kumbe alikuwa ameshajaribu: aliagiza sauti ya binti wa mjini, ya kununua, imepakwa asali kila pembe, vipuli vikaipitisha bila swali. Siku ya majaribio ikaita, "Ndugu zangu, pandeni."

Sasa, Kasyelo wana adabu yao. Mtu akikuita kwa upole hunyanyuki papo hapo. Unaitikia "nipo," unakaa, unasubiri akuite tena. Ukiruka kwa mwito wa kwanza watu watasema ulikuwa umetega sikio, unawinda chakula cha jirani. Basi sauti ilipoita, Mtaa wa Chini wote ukaitikia "tupo," ukakaa. Mzee mmoja aliongeza sahani, akidhani mwitaji anaingia. Mwenyekiti akaamuru iite mara mbili. Wakasubiri ya tatu, kwa maelezo kwamba sauti iliyotulia kiasi kile haina haraka.

Nilicheka, naye akacheka, kisha akaacha ghafla. Kosa, kwa maoni yake, lilikuwa ugeni wa yule binti. Watu humtii wanayemjua. Kwa hiyo nimchukue Bi Tumpale, nimtengeneze awe mtamu, kazi iishe. Nilimwambia basi langu linapita kesho asubuhi. Akasema hilo ni jambo jema, nami nitakuwa nimemaliza.

*

Chumba cha mwito kilikuwa juu kabisa, dirisha lake likitazama bondeni, kuta zimefunikwa magodoro ya zamani ili mvumo usiingie kwenye kipaza sauti. Bi Tumpale alikuwa ameshakaa. Mwanamke mrefu, wa umri wangu au kunizidi kidogo, kanga mbili, miguu haitulii. Alinitazama begi kabla hajanitazama uso.

"Hata hujalifungua," alisema. "Wewe babu umekuja kufanya kazi au umekuja kuaga?"

Nilimwambia nimezoea hivyo. Akasema hata kunguru hutua kwanza ndipo aruke.

Nikachomoa vipuli nimsikie alivyo, nikamrekodi. Sauti yake ilikuwa kama gunia linaloburutwa kwenye zege. Nikaifungua kwenye kioo cha mashine, ambapo sauti huonekana kama milima: besi upande wa kushoto, makali upande wa kulia. Nikakata vyote vilivyo chini ya hezi themanini, yaani mitikisiko themanini kwa sekunde, maana huko hakuna mtu, kuna mtambo tu. Nikapunguza kwenye mia tatu, panapofanya mtu asikike kama anaongea ndani ya pipa. Kisha nikafika kati ya elfu mbili na elfu nne. Hapo ndipo sikio la binadamu lilipo macho zaidi. Hapo ndipo kilio cha mtoto kinapokaa. Ndipo pia mkwaruzo wake ulipokuwa umejazana, na sindano ya alama, inayoonyesha kipuli kitaipokeaje sauti, ilikuwa imelala kwenye nyekundu. Nikakata. Sindano ikapanda ikaingia kwenye kijani.

Nikamchezea. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu ni nani? Huyu anauza sabuni."

Alikuwa na haki. Nilipokata mkwaruzo nilikata na dharura yote, kwa kuwa vilikaa chumba kimoja. Nikirudisha makali, yanarudi na mkwaruzo na kipuli kinafunga mlango. Kifimbo cha kusukuma juu na chini hakijui kutenganisha ndugu wawili wanaolala kitanda kimoja. Hilo ni la koo lenyewe. Nikamwambia tujaribu mazoezi.

Tukafanya kutwa nzima. Nilimsimamisha, nikamnywesha maji ya uvuguvugu, nikamwambia apumue mpaka kiunoni, apige miayo, aite huku taya limelegea. Alijua yote hayo kuliko nilivyotarajia. Pumzi yake ilikuwa ndefu, ya mtu aliyefundishwa. Lakini kila alipofika mahali pa kupaza, koo lilijifunga kama mtu aliyeshikwa shingo, na gunia likaburuzika. Nilimwambia afungue. Akasema amefungua. Nikamwambia hajafungua. Akaniuliza kama mimi nakaa humo ndani.

Tulipoachana miguu yangu ilikuwa inanitaka barabarani. Nikabaki peke yangu, nikachokora kumbukumbu za mashine kutafuta miito yake ya zamani, nione alikuwaje kabla hajakwaruza. Nikakuta mmoja umefungiwa pembeni bila jina. Nikauwasha.

Sikumbuki kuusikiliza hadi mwisho. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nusu ya mwili nje. Nikarudi ndani najionea haya. Mwito ulikuwa umekwisha. Nikatazama sindano: kijani kitupu. Koo lilikuwa wazi kama kengele, hakuna mkwaruzo hata kidogo, na pale kwenye elfu tatu palisimama mlima ambao sijauona kwa mwimbaji yeyote.

*

Mwenyekiti alipousikia mwito nilioupata alikaa chini. Alinieleza polepole, ambayo haikuwa desturi yake. Miaka ya nyuma mazuku yalikuja siku ukungu umekatika, bonde lote laonekana. Mama Lusekelo, alisema, kisha akajisahihisha: Bi Tumpale, alikataza kuitwa kwa jina la mwanawe tangu siku hiyo. Alikuwa dirishani anaita. Lusekelo alishapanda nusu ya ngazi, akageuka, akarudi kumbeba jirani aliyekuwa mlemavu. Mama yake alimwona akishuka. Aliendelea kuita hadi mtaa wote ukapanda, isipokuwa wale wawili. Baadaye aliwaapisha wazee kwamba sauti ile haitachezwa kamwe, na wakaapa.

"Lakini hatutaicheza," Mwenyekiti alisema. Macho yake yalikuwa yananikwepa. "Wewe utachukua umbo lake tu. Mashine yako si inaweza kupima sauti moja ikaivika nyingine?"

Inaweza. Haikopi mlima peke yake, inakopi na mpando wa sauti na mtikisiko wake, inauvisha mwili mwingine kama fundi anayeshona suti kwa kipimo cha mtu asiyekuwepo. Nikamuuliza kama tumwombe kwanza. Akasema tukimwomba atakataa, na akishakataa hatutaweza tena kujifanya hatukujua. Chini kule kuna watoto, alisema. Yeye awaambie nini mama zao, kwamba tulikuwa na dawa tukaificha kwa sababu ya adabu?

Nimekwishaona watu wakifa kwa sababu ya adabu, nimewaona pia wakifa kwa kuikosa. Nikamwambia asubuhi itakuwa tayari. Moyoni nilipanga iwe tayari, niiache juu ya meza, na mimi niwe kwenye basi kabla Bi Tumpale hajaisikia.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi mno. Mwito wa jana wa gunia, kipimo cha siku ile, kitufe kimoja. Ikatoka sauti ya Bi Tumpale ikisema maneno ya jana kwa koo la siku ile. Sindano kijani. Niliijaribu kwa muuza maziwa aliyekuwa anapita chini ya dirisha. Nilimrushia kwenye kipuli chake neno moja tu. Alidondosha dumu, akakimbia hatua kadhaa kuelekea juu, akasimama, akatazama huku na huku akiwa haelewi miguu yake imempeleka wapi.

Ningeondoka. Begi lilikuwa mgongoni tayari. Ila nilipofungua mlango, Bi Tumpale alikuwa anapanda ngazi akija kwenye mazoezi, mapema kuliko tulivyokubaliana, ameshika chupa ya maji moto na tangawizi.

"Nimelala nawaza," alisema. "Labda kweli silifungui. Leo ntajaribu kulala chali."

Mtu amekuletea koo lake na tangawizi, utampita vipi ngazini na begi? Nikamrudisha ndani. Nikamwambia akae, nikamchezea nilichokifanya.

Alikitambua kabla neno la kwanza halijaisha. Hakulia. Aliweka chupa chini kwa uangalifu mkubwa, kama vile sakafu ndiyo itavunjika.

"Umemvua marehemu sanda," alisema, "ukanivalisha mimi."

Nikamwambia ndivyo. Nikamwambia pia kwamba itawapandisha watu. Alijua. Akaniambia, kwa sauti ndogo ambayo kipuli changu hakikuweza kuisugua zaidi, kwamba siku ile hakuwa akiuita mtaa. Alikuwa akimwita Lusekelo peke yake, arudi juu. Wengine walidhani wanaitwa wao, wakapona. Toka hapo kila akiita, akikaribia mahali pale kooni alipomwitia mwanawe, anapakwepa. Miaka yote hiyo, alisema, watu wanadhani sauti imechoka. Haikuchoka. Alikuwa anafanya mazoezi ya kutofika.

Mezani ikaanza kulia kengele ya vihisi vinavyopima hewa kule bondeni: mazuku, ufa wa chini kabisa, yanapanda.

*

Dirishani ukungu ulikuwa mweupe mtupu. Simu ya mezani ikaita, Mwenyekiti akiwa anakimbia huko aliko, anahema: nibonyeze, ile mpya, nibonyeze sasa. Nikaikata. Kidole changu kikakaa juu ya kitufe, na niseme kweli, hakikuondoka hapo.

Bi Tumpale alikiangalia kile kidole. Hakunizuia.

"Ukibonyeza," alisema, "wataendelea kubonyeza hata nikishazikwa. Nitamwita mwanangu kila mazuku yakija."

Nikamwambia basi aite yeye. Nikakisukuma kipaza sauti mbele yake. Nikamwambia taa ya kihisi cha pili, kilichopo kwenye ngazi ya mwanzo, ikiwaka nyekundu watu hawajaanza kupanda, nitabonyeza, na anilaani baadaye akitaka. Akatikisa kichwa kukubali. Lilikuwa patano baya lakini lilikuwa patano.

Akaita. Gunia kwenye zege. Sindano ikaanguka kwenye nyekundu, na nilijua kwamba huko chini ndani ya masikio ya watu kulipita mnong'ono tu, na mtu akageuza kitumbua. Kihisi cha kwanza kikajaa. Akaita tena. Koo likajifunga katikati ya neno. Akashika meza kwa mikono miwili. Nikakikaza kidole juu ya kitufe.

"Nani yuko chini ya ngazi?" aliuliza, lakini hakuwa ananiuliza mimi. "Atupele. Atupele na mafuta yake ya vitumbua, na mtoto mgongoni."

Akafumba macho, taya likalegea, na akamwita. Hakuuita mtaa. Alimwita Atupele, aache mafuta, apande, kama vile Atupele ametoka tumboni mwake na anamwona akishuka. Kitu kilifunguka. Sikuhitaji kutazama sindano. Nilikuwa nimesimama na sikumbuki kusimama. Akamwita Syabumi fundi baiskeli. Akamwita mzee aliyeongeza sahani, kwa jina, kwa matusi kidogo, amwachie adabu huyo mgeni wake. Nyumba kwa nyumba, mmoja mmoja, kila mmoja kama ndiye wa pekee. Hakukwaruza. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kipaza sauti na koo likawa wazi.

Halafu kwenye ukungu nikaanza kuwaona. Peku, mmoja na kijiko mkononi, Atupele mbele akiwa na kanga ya mtoto imelegea, akiisukuma kwa kiwiko. Hakuna aliyeitikia "nipo." Hakuna aliyesubiri mwito wa pili. Kihisi cha ngazi kiliwaka nyekundu mkia wa watu ukiwa umeshavuka hatua za kati. Nikaondoa kidole. Kilikuwa kimekufa ganzi.

*

Mwenyekiti aliingia jasho likimtoka, anacheka na kulia pamoja. Walikuwa wamehesabiana kule juu; hakuna aliyekosekana. Alimshika Bi Tumpale mikono akasema ndaga fijo, asante sana, mara nyingi. Kisha jicho lake likahamia kwenye mashine, kwenye kitaa chekundu cha kurekodi, ambacho huwaka chenyewe kipaza sauti kikifunguliwa.

Akaniuliza kama imeingia yote. Nikasema imeingia. Akapumua kama mtu aliyefika nyumbani. Basi tumepata, alisema, na safari hii hatujamwibia mtu.

Nilichomoa kidonge cha kumbukumbu. Ni kitu kidogo, kama punje ya mahindi, na ndani yake mlikuwa na sauti ambayo ingewapandisha watu wa Kasyelo miaka mia moja bila mtu yeyote kuketi pale. Nikamuuliza Bi Tumpale nifanye nini nacho.

Alikuwa anakunywa tangawizi, imepoa. Alimaliza kikombe.

"Leo usiniulize kitu. Leo nimeshasema."

Nikampa mkononi. Akakifunga kwenye pindo la kanga, fundo la kwanza, fundo la pili. Mwenyekiti alilitazama lile fundo kwa muda mrefu. Alimkumbusha, kwa heshima zote, kwamba mazuku hayana ratiba, kwamba ufa bado uko wazi, kwamba yeye mwenyewe mama yetu si wa chuma, atalala, ataugua. Nani atamshikia zamu?

Bi Tumpale akasogea kwenye kiti akabakisha nafasi, akaipigapiga kwa kiganja.

"Kaa hapa. Unawajua wa chini?"

Mwenyekiti alisema anawajua wote, ndiye aliyewaandikisha.

"Mchague mmoja. Si kwa kumwandikisha. Mmoja ambaye akishuka ngazi ile hutalala. Ukishampata, fungua koo umwite."

Akakaa. Alifikiri, uso ukambadilika, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Sindano ilianguka yote kwenye nyekundu, na kwa kuwa vipuli vyangu vilimhesabu kuwa kelele, nilimwona Mwenyekiti Mwakalukwa, mtu asiyenyamaza, midomo ikicheza bila sauti hata kidogo.

Bi Tumpale alimwekea kiganja kwenye tumbo, akakisukuma ndani.

"Tena," alisema.